Pigo Lisilo na Kisanduku

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, tarehe 20 Juni 2024, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, katika uwanja wa ofisi ya kijiji cha Mkalangwa, pale mzee Kaimu alipomshushia mtendaji wa kijiji fimbo ya kukung'utia ufuta mgongoni. Saa hiyo haina ubishi, maana alikuwepo mgeni Mzungu aliyetazama saa yake ya mkononi na kuandika. Kaimu mwenyewe husema mambo yaliharibika zamani sana, tangu walipoanza kuletewa watendaji kwa barua kama vile mbegu za msaada, lakini hilo hakuna aliyeliandika.

Chanzo ni kinu. Mwanawetu, mke wa Kaimu, alikuja nacho siku alipoolewa, kinu cha mninga kutoka kwao Marambo, kimefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli ya kaka yake. Akakitwangia miaka thelathini na moja. Ukingo wake ulikuwa na pengo dogo, upana wa kidole gumba. Pengo hilo lilipatikana siku Mwanawetu aliposimuliwa kwamba mwenyekiti wa zamani amedumbukia mguu mmoja kwenye choo cha shule alichokizindua mwenyewe, utepe bado uko shingoni. Alicheka mpaka mchi ukaenda upande. Tangu hapo, kila akipumzika kutwanga, kidole chake kilikuwa kinapapasa lile pengo, na Kaimu akimwona anajua mkewe anacheka kimoyomoyo.

Mwanawetu alikufa Januari, mvua zikiwa zimeshika. Ilikuwa homa. Dawa hazikuwepo, lilikuwepo bango linalosema dawa zipo. Kaimu alilisoma bango lile herufi moja moja, kwa elimu yake ya darasa la nne, akalisoma tena, na tangu siku hiyo hajamwamini mtu yeyote mwenye muhuri.

Siku ya arobaini walikuja watani. Msiba usio na watani haujakamilika: wao ndio wanaomwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, wanawatukana wafiwa mpaka wacheke katikati ya machozi, na mtani akipenda anabeba kitu cha nyumba, sufuria au mbuzi au hata mlango, anaondoka nacho. Hakuna anayemwita mwizi. Atataja anachotaka, kuku au kanga, wenye nyumba watakomboa kitu chao, yataisha kwa kelele na kula.

Sasa mtendaji Dastani ni Mngoni wa Songea, na Kaimu ni Mmwera, na hao wanataniana. Dastani alifika arobaini, akala, akatukana kidogo kwa adabu, kisha akakibiringisha kinu cha Mwanawetu mpaka kwenye pikipiki na kuondoka nacho. Watu wakacheka. Kaimu naye alicheka, mara yake ya kwanza tangu mazishi. Baadaye ndipo alipoanza kuwaza. Pikipiki ilikuwa ya ofisi. Kofia aliyovaa ilikuwa ile ya mikutano. Kwapani alikuwa na daftari la kazi. Na mtani hutaja fidia yake kabla hata hajafika barabarani, lakini huyu hakutaja kuku wala yai.

Kaimu akaenda ofisini mara tatu. Kila mara alijibiwa kwamba suala lake limepokelewa na atajibiwa kwa utaratibu. Mara ya tatu aliuliza utaratibu wa nani, wa Kingoni au wa serikali, na mtendaji akapokea simu ambayo haikuwa imeita.

Ikafika hiyo Alhamisi. Kulikuwa na shirika la wageni lililotaka kuwaletea wakulima mashine ya kupukutishia ufuta, na kabla ya kuileta walitaka kuona watu wanafanyaje kwa mkono. Kaimu aliitwa aonyeshe. Hakuitwa kwa kupendwa. Ufuta wake ndio usio na takataka kuliko wa mtu yeyote kuanzia pale mpaka Nkowe, na hata wanaomchukia wanalijua hilo. Kazi hiyo alifundishwa na mkewe. Vitita vikishakauka vikiwa vimesimama, unakigeuza kimoja kichwa chini juu ya turubai, unakigusa kwa fimbo nyembamba, ufuta unamwagika wenyewe. Ukitumia nguvu unavunja maganda, unapata uchafu mtupu. Miaka yao ya mwanzo Kaimu alikuwa anatwanga vitita kama anaua nyoka, na Mwanawetu alikuwa akimshika mkono na kumwambia, "Usiupige, baba. Uambie tu."

Basi Kaimu akafika na fimbo yake, kanzu safi, amenyoa. Mtendaji alikuwa ametengeneza pembeni ya uwanja sehemu aliyoiita kona ya utamaduni: ungo, mtungi, jembe la mpini mfupi. Na katikati, kinu. Kimepakwa rangi ya bluu ya milango ya ofisi. Kimeandikwa kwa herufi nyeupe MALI YA SERIKALI YA KIJIJI. Ndani yake yamesimamishwa maua ya plastiki. Hayo yote Kaimu angeweza kuyameza, maana alikuwa na umri wa kumeza. Lakini alisogea, akanyoosha kidole kwenye ukingo, kidole hakikupata mahali pa kuingia. Pengo lilikuwa limezibwa kwa saruji.

Mtendaji alikuwa amewapa wengine mgongo, anamweleza mgeni kwamba hiki ni kinu cha urithi wa kijiji kizima. Fimbo ikapanda, fimbo ikashuka. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama mtu amefunga kitabu. Kofia ya mikutano ikaanguka ndani ya maua.

Mgeni aliitwa Bwana Pita, kijana mwenye shingo nyekundu, na kazi yake katika shirika ilikuwa usalama. Kumbe shirika lao lina sheria: mtu akipigwa kwenye shughuli yao, tukio linaandikwa hapo hapo, gari haliondoki mpaka fomu ijae. Fomu yenyewe ni ya Kiingereza. Bahati walikuwa wamemkodi mwalimu Scholastika, mstaafu wa Nachingwea aliyefundisha Kiingereza miaka yake yote, awe mkalimani. Alikuwa amekuja kutafsiri habari za ufuta, akajikuta anatafsiri mgongo wa mtu.

Dastani alikuwa ameokota kofia yake na heshima yake kwa pamoja. Akataka waite polisi wa Ruangwa. Akataka Kaimu achukuliwe kwa kumpiga mtumishi wa umma akiwa kazini, na kinu kichukuliwe pia, kiwe kidhibiti.

Neno polisi halikumtisha Kaimu sana. Alishakaa peke yake miezi mitano, mahabusu kungekuwa na watu wa kuongea nao. Neno kidhibiti ndilo lililomtisha. Kitu kikishaitwa kidhibiti kinaingia stoo, na kutoka kwake kunategemea mtu ambaye kila ukimfuata amesafiri. Akaelewa kwamba kinu cha Mwanawetu kiko kwenye karatasi ya yule kijana. Pigo likiandikwa zito, gari la polisi linakuja na kinu kinakwenda. Likiandikwa jepesi, mambo yanabaki kijijini, na kijijini mtu anaweza kugombana mpaka apate chake.

Mwalimu Scholastika akavaa miwani, akaisoma fomu. Palikuwa na visanduku saba, kila kimoja na neno lake: hiti, straiki, biti, slapu, panchi, noki, wipu. Mgeni atie alama kwenye kimoja. Kaimu akauliza hayo yote ni nini. Mwalimu akamfafanulia taratibu kwamba Waingereza kila kipigo wamekipa jina. Kofi la mkono wazi lina neno lake, ngumi ina lake, mjeledi una lake, kupiga mara nyingi kuna lake, na kugonga mtu hadi aanguke nako kuna lake. Sisi tunalo moja, tunapiga tu, halafu ndiyo tunasema kama ni kofi au konzi au teke.

Kaimu akatafakari, akasema kwa sauti ya kutosha kwamba watu wenye maneno mengi namna hiyo lazima walikuwa na kazi nyingi ya namna hiyo. Wazee waliokaa kwenye benchi wakakohoa.

Mwalimu, ambaye ukimpa nafasi anarudi darasani, akaendelea kwamba wala hawayatumii kwa kupigana peke yake. Wimbo ukipendwa wanauita hiti. Wafanyakazi wakigoma ni straiki. Timu ikifunga nyingine imeibiti, na hakuna aliyeguswa. Kaimu akasema hapo wamefanana na sisi, maana tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki na kura, na hakuna pasi iliyowahi kwenda kushtaki. Halafu akamgeukia mtendaji. Akasema wapo pia wanaoupiga mfuko wa kijiji kila mwaka, na watu wanawaita wapigaji, na hao nao angependa kujua wana kisanduku gani.

Uwanja mzima ukacheka. Dastani akamwomba mwalimu hilo asilitafsiri. Mwalimu Scholastika akalitafsiri lote, akarudia na sehemu ya mwisho kwa sababu mgeni hakuisikia vizuri.

Tatizo la Bwana Pita likawa moja: wakati wa tukio alikuwa anatazama maua. Hakuona mkono. Na sheria yao inakataza kutia alama jambo ambalo mtu hakuliona. Akaomba mzee aonyeshe, kwenye gunia, alivyofanya. Likaletwa gunia la pumba. Kaimu akaligusa kwa fimbo.

"Hapana," akasema Dastani. "Mimi siyo gunia. Mimi nilisikia maumivu hapa."

Mgeni akauliza, basi ilikuwaje. Na hapo mtendaji akafanya kosa ambalo mpaka leo wenzake wa kata jirani wanamkumbusha. Kwa kuhofia fomu isije ikaandikwa kipigo cha pumba, akageuza mgongo wake mwenyewe na kumwambia Kaimu arudie ile ile, asipunguze.

Kaimu hakupunguza, wala hakuongeza. Fimbo ikashuka, sauti ya kitabu. Bwana Pita akainama, akatazama, akaweka kalamu kwenye straiki. Kisha akaiondoa. Dastani akadai ile ya kwanza ilikuwa kali kuliko hiyo, ilikuwa biti. Mwalimu akamwambia biti inataka zaidi ya mara moja. Dastani akasema basi ilikuwa zaidi ya mara moja. Mgeni akaomba kuona zaidi ya mara moja. Kaimu akampa tatu, kwa vituo vizuri, kama mtu anayehesabu mayai.

"Mtendaji, umesikia?" akauliza Kaimu kwa upole. "Au niongeze moja ya akiba?"

Kufikia hapo wanawake walikuwa wameacha sufuria za wageni zinaungua. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Seleman, mtu ambaye katika jambo lolote hukubaliana na aliyezungumza mwisho, alikuwa anakubali kwa kichwa kila fimbo ikishuka.

Wakaendelea. Dastani akakumbuka kwamba aliyumba, akataka iandikwe noki. Mwalimu akamwambia noki mtu aanguke. Akasema alikaribia kuanguka. Mgeni akaomba kuona alivyokaribia. Safari hii Dastani alianguka vizuri kabisa, magoti kwanza halafu mikono, isipokuwa aliwahi. Fimbo ya Kaimu ilikuwa bado iko juu. Wazee wa kwenye benchi wakashikana mabega. Ikajaribiwa wipu mara nne, ambayo mwalimu alisema lazima iache mstari. Shati likapandishwa, na mgongo wa mtendaji ukaonekana mbele ya wapiga kura, laini, mweupe wa kivulini, mgongo wa mtu ambaye hajainama shambani tangu azaliwe. Mstari haukuwepo hata mmoja.

Walipomaliza kisanduku hicho cha mwisho, Sikudhani, mdogo wake marehemu, aliyekuwa akihesabu kwa punje za mahindi, alitangaza kwamba mtendaji ameshapigwa mara tisa, nane zikiwa kwa ombi lake mwenyewe.

Bwana Pita akapangusa jasho. Akamwuliza Kaimu, kupitia kwa mwalimu, swali ambalo angeliuliza mwanzo yangekwisha mapema: ninyi wenyewe pigo hili mnaliitaje?

Kaimu alikwenda kwenye turubai, akakibeba kitita cha ufuta alichoitiwa kukionyesha, akakigeuza kichwa chini, akakigusa kwa ile ile fimbo, kwa ule ule mkono. Ufuta ukamwagika, mweupe, bila jani, bila kijiti, kwa ile sauti yake ya mvua inayoanza mbali. Hakuna mtu pale ambaye hakujua nani alimfundisha. Kaimu alibaki ameinama juu ya turubai zaidi ya ilivyohitajika, na aliposimama alifuta uso kwa mkono wa kanzu akasingizia vumbi.

"Kukung'uta," akasema. "Nilimkung'uta. Nilitaka kilichomo kitoke."

Mwalimu Scholastika akavua miwani, akaivaa, akatafuta neno. Akajaribu moja, akalikataa. Mwisho akampa mgeni sentensi ndefu ya Kiingereza, na mgeni akaiandika pembeni, kwenye nafasi iliyoachwa kwa ajili ya mengineyo, ikajaa, akamalizia nyuma ya karatasi.

Ikabaki mstari wa mwisho wa fomu. Unauliza kama pigo lilikuwa la ugomvi au la mchezo.

Hapo mzee Seleman, kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe, alipata wazo. Akasema, jamani, si hawa ni watani. Mngoni na Mmwera. Mtani akimgonga mtani fimbo, ni mchezo, hakuna kesi wala polisi, mgeni atie alama tukale wali kabla haujaungua wote. Watu wakaitikia. Bwana Pita akapeleka kalamu kwenye mchezo. Hata Dastani, aliyekuwa hana tena mgongo wa kutoa ushahidi, alionekana kukubali.

Aliyekataa ni Kaimu. Aliiona hatari kabla ya wote. Dastani akiwa mtani, basi siku ya arobaini alichukua kinu kwa haki yake ya utani. Hakuiba. Kinu ni chake mpaka kikombolewe, na fidia anataja yeye, akipenda atataja ng'ombe. Kaimu angetoka pale huru, mikono mitupu, na yule mtu angeendelea kuweka maua ya plastiki alipokuwa akitwangia mkewe. Akasema andikeni ugomvi. Akasema yuko tayari kwa Ruangwa.

"Shemeji, ngoja," akasema Sikudhani.

Akapita katikati ya watu na punje zake mkononi, akasimama mbele ya mtendaji, karibu sana, kama wanawake wa kule wanavyosimama wanapodai ndoo yao kisimani. Akasema hana haja na fomu. Ana swali moja dogo, na mgeni aliandike.

"Kinu cha dada yangu ulikichukua kama mtani, au kama mtendaji?"

Mwalimu akatafsiri. Kalamu ikangoja.

Ukimtazama Dastani usoni uliona anakwenda njia moja anarudi, anakwenda nyingine anarudi. Akisema mtani, amepigwa na mtani wake mara tisa mbele ya kadamnasi, hana kesi, na kile kinu anatakiwa akiuze kwa kuku kama watani wengine, tena aeleze mtani gani hupaka kitu cha mwenzake rangi ya ofisi na kukiandika mali ya serikali. Akisema mtendaji, atoe stakabadhi. Aonyeshe kikao kilichoamua. Aeleze ni serikali gani inaingia arobaini ya mtu, inakula pilau, halafu inaondoka na kinu.

Akasema atajibu kwa maandishi.

Bwana Pita akaandika kwamba swali limeulizwa na jibu linasubiriwa. Gari likaondoka saa nane, na makao makuu yao, tunavyosikia, wameshaandika mara mbili kuomba picha ya hilo pigo.

Mzee Seleman, akiogopa kote kuwili, akaamua kinu kisitoke pale uwanjani mpaka jibu lipatikane. Asikiguse mtendaji kukihamisha, asikiguse Kaimu kukipeleka nyumbani. Kaimu akauliza kama wamekataza kukitumia. Seleman akatazama juu, akasema hilo halikuwa kwenye ajenda.

Kwa hiyo sasa kila asubuhi, ofisi ikifunguliwa, Kaimu anafika na mahindi yake kwenye kibakuli na mchi begani. Anayatoa maua, anayaweka dirishani kwa mtendaji, anaanza kutwanga. Mwanzoni walimcheka, mwanamume mzima na mchi. Sasa wamezoea, na vikao vya ofisi vimesogezwa mpaka saa tano kwa sababu kabla ya hapo hakuna anayesikia mwenzake. Akichoka, anatoa msumari mfukoni na kukwangua ile saruji, kidogo leo, kidogo kesho. Imetoka karibu yote. Kidole gumba kinaingia.

Kisha anasimama mlangoni, anapiga hodi kwa adabu zote, na kuuliza lile swali la shemeji yake. Dastani huinamia makaratasi. Maandishi yake hayajaonekana, na watu wanaopita njiani kwenda Nachingwea wameshajifunza kupunguza mwendo wa baiskeli zao na kumsaidia mzee kuuliza: mtendaji, ulikichukua kama nani?